Chungu cha Mzazi

Siku tuliyomzika shangazi yangu pale Gendabi, katekista alisimama kando ya kaburi akasema kwamba marehemu hakuwahi kumnyima mtu chakula. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimesimama upande wa wanawake, mikono yangu ikinuka vitunguu kwa sababu tangu alfajiri tulikuwa tukikatakata mboga za msiba, nikajisemea moyoni: si kweli. Niliishi na shangazi mwaka mzima, nilipika naye kila siku, na nilimwona akiwanyima watu chakula waziwazi. Alimnyima mumewe, akaninyima mimi, akamnyima mama wa mke wa mwanawe. Hata yeye mwenyewe alijinyima. Sikulisema hilo, msibani kuna mambo hayasemwi. Lakini sentensi ya katekista imekaa nami tangu siku ile. Nadhani tukimsifu marehemu kwa lile lililokuwa rahisi kwake, tunamwibia lile lililomgharimu. Kugawa chakula kulikuwa rahisi kwa shangazi, alifanya hivyo kama anavyopumua. Kilichomgharimu ni chungu kimoja kidogo, na habari za chungu hicho sijui kama kuna mwingine atakayezisimulia.

Nilifika kwake mwaka niliomaliza chuo kikuu. Nilikuwa nimesomea sosholojia, nimetuma maombi ya kazi kila mahali, na nyumbani walikuwa wamechoka kunisikiliza nikibishana na redio. Shangazi akatuma neno kwamba nipelekwe kwake, mikono inahitajika. Jiko lake lilikuwa kijumba peke yake nyuma ya nyumba kubwa: kuta za udongo, mafiga matatu, na juu ya moto dari la miti lenye mahindi yaliyofungwa kwa ajili ya mbegu, meusi kwa moshi kama viatu vya shule. Kulikuwa na kidirisha kimoja, upana wa sahani, kilichoelekea Mlima Hanang. Asubuhi mlima haukuwepo, ukungu ulikuwa umeuchukua, na mara nyingi ulirudi saa nne, wakati chai imeshanywewa na sufuria zimeshaoshwa. Hapo ndipo nilipojifunza kula upya. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa kwa viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Mchana makande, yaliyotiwa magadi kidogo ya ziwani ili maharage yasitumalizie kuni. Jioni ugali na majani ya mnafu yaliyopikwa kwa maziwa na kitunguu saumu, ambacho Paskali, mwana wa shangazi, alituletea kutoka upande wa Mbulu kila alipokuja. Jumapili, baada ya ibada, ilikuwa loshoro: mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa hadi yakalainika, yakaachwa yapoe, kisha yakamiminiwa maziwa mgando. Mtu anakula bakuli moja na kulala usingizi mchana kweupe.

Mimi niliuliza. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Kwa nini magadi yanatiwa sasa na si baadaye? Kwa nini mwiko usigongwe ukingoni mwa sufuria? Kwa nini wanaume waliwe kwanza — nilimaanisha wale kwanza, nikachekwa wiki nzima. Shangazi alijibu maswali mawili au matatu, kisha akachoka. "Magreti," alisema, "ukimaliza kuuliza, kuni zitakuwa zimekwisha." Mumewe, ambaye tulimwita Baba Paskali, aliwaambia wageni kwa fahari iliyochanganyika na kejeli, "Huyu amesomea kuuliza. Serikali imemlipia mkopo."

Nyumba ile ilikuwa na mtu mwingine aliyenizidi kwa ulimi. Udagwenga alikuwa mke wa Paskali. Paskali alikuwa fundi wa pikipiki kule Dongobesh na alikuja nyumbani mara chache kwa mwezi, kwa hiyo mkewe aliishi na sisi. Alitoka kwa wafugaji wa uwandani, chini yetu, watu ambao babu zetu waliwaogopa nao wakawaogopa babu zetu, na ambao leo tunanunuliana ng'ombe na mahindi, tunaoana, na bado kila upande una hadithi zake za kusimulia upande mwingine ukiondoka. Mimi nilikuwa wifi yake, naye hakunihurumia. Kila tulipopika mboga alisimama mlangoni, tumbo limemtangulia, akachungulia sufuria.

"Wifi, hivi mbuzi wa hapa mnawaambia nini mkiwamalizia majani yao?"

"Kula, mama," shangazi alimjibu akicheka. "Ndiyo yaliyomlea mumeo."

"Ndiyo maana mwembamba."

Shangazi alimpenda. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri vingine. Alijifunza kumwekea maziwa mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa, kama kwao, na alipokuwa akinywa shangazi alimtazama kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Udagwenga alijifungua mvulana kwenye zahanati, bila shida, akarudi nyumbani kesho yake kwenye pikipiki ya jirani iliyoendeshwa polepole kama maandamano ya Ekaristi. Siku hiyohiyo shangazi alipanda kwenye dari na kuteremsha chungu kidogo cha udongo ambacho sikuwahi kukiona. Kilikuwa chungu cha mzazi. Kwa shangazi, mwanamke aliyetoka kujifungua anapikiwa peke yake, katika chungu chake, na chakula hicho hakiguswi na mdomo mwingine wowote. Aliyepika haonji. Anayekipeleka hakitazami, anageuza uso pembeni anapokikabidhi, kwa sababu jicho la mtu mwenye njaa linaweza kuingia kwenye chakula, kisha kwenye maziwa, kisha kwa mtoto. Mzazi anakula mlango ukiwa umefungwa. Kinachobaki kinafukiwa kwenye shimo nyuma ya zizi. Majirani wengi walikuwa wameshaacha mambo hayo. Mke wa katekista alimwambia shangazi kwa upole kwamba siku hizi mzazi analetewa supu na kila mtu, na kila mtu anaonja. Shangazi alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea kufunga mlango.

Na ndani ya chungu hicho kulipikwa vyakula ambavyo bado navikumbuka kwa ulimi ingawa sikuwahi kuvionja. Supu ya jogoo na kitunguu saumu kizima kizima. Uji wa ulezi uliotiwa siagi hadi ukawa unang'aa. Ndizi za kupikwa na nyama ya mbuzi, ndizi zilizoletwa kutoka mbali. Sisi tulikaa upande wa pili wa ukuta, mimi na Baba Paskali, na ugali wetu na mlenda, tukisikia harufu. "Mbwa wa hapa wana bahati," Baba Paskali alisema siku moja akitazama upande wa zizi. "Wanajua kufukua."

"Baba Paskali!" shangazi alifoka kutoka jikoni.

"Nimesema mbwa. Sijasema mimi."

Tatizo ni kwamba mbwa walikuwa wakipata karibu chungu kizima. Udagwenga hakula. Alikunywa chai, alikunywa maziwa kidogo, akarudisha supu ikiwa imepoa na utando wa mafuta juu yake. Mwanzoni tulisema ni uchovu. Kisha uso wake ukaanza kuwa mdogo, na utani ukaisha, jambo lililoniogopesha kuliko uso. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Tulimpeleka zahanati, nesi akampima, akakunja uso, akasema maneno ambayo manesi husema: mama ale vizuri, anyonyeshe mara kwa mara, mrudi tena. Shangazi akamjibu, "Ale vizuri zaidi ya hapo, mwanangu, nimchinjie nini?" Akarudi nyumbani akachinja jogoo mwingine. Paskali alipiga simu. "Mama, mpeni tu chai na maandazi, si anapenda maandazi?" Shangazi aliniita nishike simu yeye asije akamtukana mwanawe.

Mimi nilipanda kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba, mahali pekee ambapo intaneti ilishika, nikasoma kwenye simu kuhusu wanawake wanaokosa hamu ya kula baada ya kujifungua. Nilipata majibu mengi na yote yalikuwa na akili. Niliteremka nikiwa na majina ya magonjwa ambayo sikuwa na namna ya kuyathibitisha. Nakumbuka nilikuwa na hakika moja tu, kwamba kosa lilikuwa la mlango uliofungwa na imani za shangazi, na hakika hiyo ilinifurahisha kidogo, kama inavyomfurahisha mtu kuona mvua aliyoitabiri ikimnyeshea.

Kisha mama yake Udagwenga akaja. Alitembea kutoka uwandani na bangili zake za shaba zikigongana, mrefu, mkavu, kibuyu cha samli kikiwa kimefungwa mgongoni kama mtoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama, akaingia moja kwa moja chumbani kwa bintiye. Nilikuwa nyuma yake na kikombe cha uji. Nilipogeuza uso pembeni na kunyoosha mkono, kama nilivyofundishwa, yule mama alikichukua kikombe, akakitazama, akakipeleka mdomoni mwake na kunywa. Kisha akampa bintiye.

Shangazi alikuwa mlangoni. Sijawahi kumwona mtu mnene akienda kasi namna ile. Alikinyakua kikombe, uji ukamwagika kwenye shuka, akatoka nacho akaumwaga nje. Yule mama akasimama. Hakupaza sauti. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kila neno peke yake.

"Mimi nimekunywa. Wewe umemwaga."

"Mkwe, hapa kwetu mzazi hachangii—"

"Mimi mama yake. Mdomo wangu mchafu?"

"Sijasema hivyo."

"Nitakuja siku ya mnada, na punda. Nikikuta yuko hivi, nachukua. Yeye na mtoto."

Aliondoka bila kunywa maji. Kibuyu cha samli alikiacha kwa bintiye, akakiweka kichwani pa kitanda. Baba Paskali alimfuata hadi barabarani akimbembeleza, akarudi peke yake. Sote tulijua maana ya maneno yale. Mke aliyechukuliwa na mama yake akiwa na mtoto mchanga, kwa sababu ya kukonda mikononi mwa mama mkwe, harudi kirahisi. Wazee wa pande mbili watakaa, watasema, na katika kusema hadithi za zamani zitatoka. Shangazi angempoteza mjukuu wake wa kwanza, na Paskali angempoteza mkewe akiwa Dongobesh amelala chini ya pikipiki ya mtu.

Siku iliyofuata mchana nilipeleka chungu kama kawaida. Udagwenga alikuwa ameketi na mtoto mapajani. Safari hii sikugeuza uso wala sikutoka. Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza mapema kabla ya kuiuliza simu.

"Wifi, kwa nini huli?"

Naye akaniuliza. "Wewe umeionja hiyo?"

"Sijaonja. Nimekatazwa."

"Na mama?"

"Shangazi naye haonji."

"Basi," alisema.

Nikamwambia sijaelewa. Akanieleza taratibu huku akimpangusa mtoto mdomo. Nyumbani kwa mama yake, aliyekuletea chakula anakula yeye kwanza, mbele yako, hata kama ni maziwa ya kijiko. Asipokula, humwambii neno, lakini huli. Tangu akiwa mtoto aliambiwa hivyo hasa kuhusu sisi, watu wa mashamba. Ukienda kwao, mwache mwenye chakula ale kwanza. "Najua mama hawezi kuniua," alisema. "Ananipenda, naona. Najiambia kula. Lakini mnaleta, mnaangalia pembeni. Hakuna aliyeonja. Halafu mnaenda kufukia. Wifi, mnafukia! Koo linafunga. Si mimi ninayekataa, ni koo."

Nilitoka na chungu kikiwa kimejaa. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote, nadhani kwa haraka mno na kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Mkono wake uliacha kuchambua.

"Mimi? Nimtilie sumu mama wa mjukuu wangu?"

"Hajasema hivyo, shangazi. Amesema koo."

"Koo!" Alitupa kokoto moja nje. "Kwa ajili yake hata chumvi nakadiria kwa macho. Unafikiri nafurahia kupika kitu nisichokijua ladha yake?"

"Basi kionje. Mbele yake. Kijiko kimoja tu. Shangazi, hicho ni chakula, hakina jicho, hakina—"

"Kaa chini," alisema.

Nikakaa. Aliendelea kuchambua, na alizungumza akiyatazama maharage, kwa sauti ileile aliyotumia kunielekeza kukoboa mahindi. Paskali hakuwa mtoto wake wa kwanza. Kulikuwa na msichana kabla yake. Wakati ule alikuwa ameolewa karibuni, mjuaji, amesoma hadi darasa la saba, na chungu hiki hiki alipewa na mama mkwe wake na masharti yake yote, akayacheka. Wifi zake walipokuja kumwona, alifungua mlango, akawakaribisha, wakala pamoja naye chungu kizima, wakicheka na kulamba vidole. Ilikuwa siku nzuri. Mtoto hakumaliza wiki.

"Shangazi," nilisema, "watoto wachanga wakati ule walikufa kwa mambo mengi. Pengine homa, pengine kitovu—"

"Pengine," alisema. "Hata mimi nimefikiri hivyo. Unadhani sijafikiri? Lakini wewe unaweza kuniapia?"

Nilikuwa nimejibu mitihani mingi kuhusu mambo haya, nilikuwa na maneno ya kitaalamu ya kueleza jinsi watu wanavyopata sababu ya msiba usio na sababu, na maneno yale yalikuwa sahihi, na hata leo nayaona sahihi. Lakini hakuuliza kama nina maelezo. Aliuliza kama ninaweza kuapa. Sikuweza. Tulichambua maharage yaliyobaki, na mlima ulikuwa umejaza kidirisha chote.

Siku ya mnada yule mama alifika asubuhi na punda, pamoja na kaka yake Udagwenga aliyebaki nje na fimbo yake bila kusalimu mtu. Baba Paskali aliwapa vigoda, wakavikataa. Ndani, Udagwenga alikuwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye khanga. Mimi nilisimama uani nikisubiri shangazi atoke kuwabembeleza, lakini moshi ulikuwa ukitoka jikoni, nikaenda kuchungulia. Alikuwa anapika. Alikuwa ameweka chungu kidogo juu ya mafiga na ndani yake loshoro, chakula cha kila mtu, mahindi ya Jumapili yaliyobaki, ameyapasha moto, na sasa alikuwa akimimina maziwa mgando polepole akikoroga. Hakuniangalia. "Niite yule mama," alisema. "Mwambie aje chumbani. Mlango uache wazi."

Aliingia na chungu, akakiweka sakafuni katikati ya chumba, akaketi chini, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyoketi wanawake wazee, na hilo peke yake lilikuwa jambo, kwa sababu alikuwa mama mkwe na kitanda kilikuwepo. Yule mama alisimama mlangoni. Udagwenga alikuwa na mtoto begani. Shangazi alichota kijiko, akakiinua, na mkono ukaanza kutetemeka, maziwa yakadondoka kwenye gauni lake. Alikirudisha kijiko chunguni. Midomo yake ilisogea, sijui kama alisali au alihesabu. Kisha akachota tena, haraka, kama mtu anayekunywa dawa, akala. Akatafuna. Tulimtazama sote akitafuna.

"Haina chumvi," alisema.

Udagwenga akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichotoka puani, lakini tulikuwa hatujakisikia muda mrefu, na mtoto akashtuka begani. "Mama," alisema, "haijawahi kuwa na chumvi."

"Na hukusema!"

"Ningemwambia nani? Mlikuwa mnaangalia ukutani."

Alimpa mama yake mtoto, akateremka kitandani, akaketi sakafuni mkabala na shangazi, akachukua kijiko kilekile kutoka mkononi mwake, akala. Yule mama naye akaketi, bangili zikigongana, akafungua kibuyu cha samli na kuimimina juu ya loshoro bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi nilitumwa chumvi. Niliporudi, wanawake watatu walikuwa wakibishana kama samli inafaa kwenye maziwa mgando au inayaharibu, na chungu kilikuwa kimefika nusu. Nje, kaka mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda akinywa chai. Punda alirudi uwandani mchana ule akiwa amebeba debe la mahindi.

Watu ninaowasimulia hupenda kuishia hapo, na wakisikia hivyo huniambia kwamba shangazi aliacha ushirikina. Hakuacha. Mimi nilitaka aache, nilidhani kijiko kile kilikuwa hoja na kwamba hoja imeshinda. Lakini wageni walipoondoka alimchukua mtoto, akaenda naye kwenye benchi lililokuwa kwenye jua, akamlaza mapajani na kufungua nguo zake kifuani. Alikaa hapo mchana wote. Hakupika, hakuchambua chochote, hakuitika alipoitwa. Alikitazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka, na kila kilipokawia kidogo aliweka kiganja juu yake. Nilimpelekea chai ikapoa. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna kitakachotokea, nikakumbuka kwamba bado sikuweza kuapa, nikakaa kando yake nikakitazama pia.

Kesho yake asubuhi alipika uji wa ulezi, akaupeleka chumbani mwenyewe, mlango wazi. Alionja kwanza. Mkono ulitetemeka vilevile.